Rangi ya buluu kwenye kinyama cha mguu

Kikopo kilikuwa kidogo, vilevile vya kuwekea mkojo, fomalini imejaa mpaka shingoni na chini kabisa kimelala kinyama cha ukubwa wa punje ya harage. Fomu iliyokuja nacho imeandikwa kwa haraka ya mtu mwenye foleni mlangoni: mwanamke, miaka 61, donda mguu wa kushoto, upande wa ndani juu ya kifundo, miaka 3 halijapona, tunaomba kujua kama kuna saratani.

Mie si daktari. Ni yule mtu wa chumba cha nyuma kwenye maabara ya patholojia, anayepokea vinyama vya watu asiowajua, anavitoa maji kwa alkoholi usiku kucha ndani ya mashine, anavizamisha kwenye nta, na asubuhi anakaa na kisu kukata utepe mwembamba wa maikroni 4, anauacha uelee kwenye maji ya vuguvugu kisha anauopoa kwa slaidi kama mtu anayeopoa utando wa maziwa. Nafanya ivo kila siku ya kazi na sijawahi kulala na kinyama cha mtu kichwani.

Hiki nimekaa nacho wiki sita.

Dokta wetu alikiangalia kwenye hadubini, akasema saratani hamna. Nikajua tumemaliza. Alafu akanyamaza, akasogeza slaidi kidogo, akasema, "Ila hii kahawia huku chini inanitatiza. Ni melanini au chuma? Hebu nipigie Perls."

Kwa asiyejua, kwenye rangi zetu za kila siku melanini na chuma vyote vinatoka kahawia, na kwenye ngozi nyeusi kama zetu melanini ipo ya kutosha, kwahiyo ukiona kahawia imetawanyika sehemu ambayo haikutakiwa kuwepo huwezi kuapa ni nini. Perls ndo inaamua ugomvi. Unachanganya potasiamu ferosianidi na asidi ya haidrokloriki, unazamisha slaidi kama dakika 20 hivi, unasuuza, unapaka wekundu kidogo kwa nyuma ili seli zionekane. Kama ni melanini inabaki na ukahawia wake. Kama ni chuma inageuka buluu.

Nimeipiga sana kwenye maini na kwenye uboho. Kwenye ngozi ya mguu ilikuwa mara ya kwanza.

Ilitoka buluu kila mahali. Sio kitone kimoja viwili, yani ni kama mtu kachovya mswaki kwenye wino akaukung'uta juu ya kioo, seli kwa seli zimeshiba chuma mpaka hazina pa kuweka. Na mishipa midogo imejazana pale imejiviringisha kama minyoo, kuta zake nene, katikati ya kovu gumu.

Nilikuwa nimeinama kwenye hadubini na kitu pekee nilichokuwa nakiona ni mguu wa shangazi.

Mizizi ya mwembe

Shangazi yangu alifundisha darasa la kwanza miaka 34, mkoani Tanga. Darasa la kwanza hukai. Unasimama ubaoni, unasimama juu ya mtoto anayeshika penseli kama jembe, unasimama mlangoni kuhesabu wanaotoka. Jioni akirudi anaweka miguu juu ya kigoda na sisi watoto tunagombania kubonyeza ile mishipa yake. Ilikuwa imetokeza nyuma ya kigimbi kama mizizi ya mwembe, unabonyeza inazama, unaachia inarudi yenyewe taratibu. Kwetu ulikuwa mchezo. Yeye anacheka, anasema bonyezeni bonyezeni, nyie ndo madaktari wangu.

Alafu kifundo kikaanza kuwa cheusi. Weusi wa sufuria, sio weusi wa ngozi yake, umezunguka kama soksi. Nakumbuka niko sekondari nikadhani ni jiko la mkaa limemuunguza kidogo kidogo. Hakuna aliyeuliza. Mtu mzima ana haki ya kuwa na mguu mweusi.

Baada ya kustaafu akajigonga kwenye pedeli ya baiskeli, mchubuko wa kitoto kabisa, ndo huo ukageuka donda. Nilipopiga Perls lilikuwa linaelekea miaka miwili.

Tumepita njia zote mnazozijua. Kapsuli za antibayotiki zimefunguliwa zikanyunyizwa juu kama chumvi kwenye ugali wa moto. Spiriti. Asali. Jirani akasema amekanyaga kitu, sio bure. Mwingine akasema ni damu chafu imekaa, apelekwe akaumikwe. Sukari ilipimwa mara tatu, iko sawa, na kila ikiwa sawa watu wanakuwa kama wamekasirika maana sukari ingetupa maelezo. Kuna kituo kimoja alifika akajieleza kwa heshima zake, "Mwanangu, mie nina mshipa," yule kijana akaanza kumuuliza habari za ngiri. Ndo Kiswahili chetu hicho, mshipa ni vena inayorudisha damu moyoni, mshipa ni ateri inayoitoa, mshipa ni neva, mshipa ni ngiri na ni busha pia. Mgonjwa anasema ukweli na bado anaandikiwa kitu kingine.

Na mie nafanya kazi kwenye patholojia, nimetuma hela ya dawa kila mwezi, sijawahi hata siku moja kuomba picha ya mguu.

Usiku ule nikampigia. "Shikamoo shangazi, naomba unipigie picha ya mguu, wote mpaka gotini."

"Marahaba baba. Mguu una nini cha kupigwa picha?"

Namba ya mguu

Picha ikaja, nikaanza kusoma. Ndo hapo wiki sita zimeenda, makala za kisayansi kwenye simu saa saba usiku.

Cha kwanza nilichokuta ni kwamba miguu ya namna hii, yenye vena mbovu, ina namba. Madaktari wa mishipa walikutana Hawaii mwaka 1994 wakatengeneza mpangilio unaoitwa CEAP, ukaja kurekebishwa 2004 na tena 2020. C0 huna kitu cha kuonekana. C1 ni vile vijimshipa kama utando wa buibui. C2 mishipa iliyovimba na kujipinda, ile mizizi ya mwembe. C3 mguu unavimba. C4 ngozi imebadilika, rangi, ukurutu, ugumu. C5 donda lilikuwepo limepona. C6 donda liko wazi.

Shangazi nimemjua akiwa C2. Nilimbonyeza kwa vidole vyangu akiwa C2.

Ila CEAP haikuundwa kupima makali, inaeleza tu kilichopo. Kwa makali kuna nyingine, VCSS, vipengele 10 kila kimoja 0 mpaka 3, jumla 30. Nikakaa na ile picha na majibu yake ya simu nikamjazia: maumivu 2, mishipa 2, uvimbe 2, weusi 2, moto wa ngozi 1, ugumu 2, donda moja 1, muda umezidi mwaka 3, ukubwa 2. Kipengele cha 10 kinauliza kama anavaa soksi za kubana au bandeji. Hajawahi. 0. Jumla 17.

Hicho kipengele cha 10 kina kituko chake. Asiyevaa kabisa anapata 0, anayevaa kila siku bila kukosa anapata 3, kwahiyo mgonjwa mtiifu anaonekana mgonjwa zaidi kuliko mkaidi. Nimeshasoma wanavyokitetea, kwamba ni kipimo cha mzigo wa matibabu, sawa, lakini nilicheka mwenyewe gizani.

Cha pili, hizi namba zinategemea jicho, na jicho limefundishwa kwenye miguu myeupe. Wekundu wa ngozi kwenye mguu wa shangazi utauonea wapi? Muuguzi mmoja wa vidonda aliniambia yeye haangalii, anaweka mgongo wa kiganja, akisikia joto ndo ameona wekundu.

Ndo maana wazo la bayomaka lilinishika. Kama jicho linadanganya, si tupime tishu yenyewe? Kitu ndani ya nyama kinachopanda kadiri ugonjwa unavyopanda, ukikipima unasema huyu ni mkali, huyu bado. Nikajiona nimefika nyumbani. Tishu ndo kazi yangu.

Watuhumiwa

Kumbe wametafuta muda mrefu, na kila kizazi kina mtuhumiwa wake.

Mwaka 1982 Browse na Burnand wa London walisema ni faibrini, ile protini ya kugandisha damu. Waliona kapilari za miguu hii, vile vimishipa vidogo kabisa, zimevishwa kama ala ya faibrini pande zote, wakafikiri ndo inazuia oksijeni kufika kwenye ngozi, ngozi inakufa kwa njaa. Nadharia tamu. Ala ipo kweli, hata kwenye slaidi yangu unaweza kuikisia, ila ile habari ya kuzuia oksijeni haikusimama ilipopimwa.

1988 Coleridge Smith na wenzake wakasema hapana, ni seli nyeupe za damu, zinanasa kwenye kapilari za mguu wenye presha zinaanza kumwaga sumu zake.

Wakaja watu wa enzaimu. Kuna kundi linaitwa metaloproteinezi, MMP kwa kifupi, ni mikasi ya mwili ya kukatia kolajeni na elastini, zile nyuzi zinazoshikilia nyama. Mkasi sio mbaya, kidonda kupona lazima kikate takataka za zamani. Ila kwenye donda la mguu la muda mrefu mikasi inakuwa mingi kuliko vizuizi vyake, kwahiyo mwili unajenga mchana unabomoa usiku. MMP-9 ukiitafuta kwenye majimaji ya donda lisilopona mara nyingi utaikuta juu. Na kwenye ukuta wa vena zenyewe zilizojipinda, kolajeni ya aina ya I imezidi na ya III imepungua, ukuta unakosa ule unyumbufu, unakuwa kama lastiki ya chupi ya zamani.

Na watu wa chuma, wale wangu. Presha inasukuma seli nyekundu zinatoka nje ya kapilari, zinakufa, chuma kinabaki. Seli walaji zinakuja kufagia zinakimeza. Mwaka 2011 watafiti wa Ulm, Ujerumani, walionyesha kwamba seli walaji zilizojaa chuma kwenye madonda haya zinakwama kwenye hali ya vita, hazibadiliki kuwa mafundi wa kujenga kama inavyotakiwa. Zinaendelea kupigana na adui ambaye hayupo.

Nilivyosoma hiyo nilisimama nikatembea chumbani. Ile buluu yangu.

Jirani wa shangazi anasema damu chafu, nami nimeshamcheka sana. Lakini ukiondoa lile neno chafu hajakosea mbali, kuna damu iliyomwagika pale na ikaacha kitu. Ila msimuumike mtu mwenye mguu huo jamani, ngozi hiyo ukiichanja unampa donda jingine.

Nani anasimama nyuma yao

Sasa hawa wote, faibrini, seli nyeupe, mikasi, chuma, wanafanana kitu kimoja. Hakuna aliyekuja mwenyewe. Wote wameitwa na presha.

Ukisimama wima bila kutembea, presha ya vena kwenye kifundo ni kama milimita 80 mpaka 90 za zebaki, ni uzito tu wa maji yaliyosimama kutoka moyoni mpaka chini. Ukitembea kigimbi kinakamua, damu inapanda, vilango vya ndani ya vena vinafunga isirudi, presha inashuka chini ya 30. Hiyo ndo pampu yako. Vilango vikilegea unatembea na presha haishuki, inabaki juu mchana kutwa, na mtu anayesimama ubaoni hata huko kutembea kwenyewe hana.

Miaka 34.

Hapo ndo shaka ilianza, na sijui niieleze vipi bila kuonekana namsaliti mwajiri wangu. Nilikuwa natafuta bayomaka itakayosema shangazi ni mkali kiasi gani. Lakini shangazi ana donda la sentimita tano na mguu umekuwa mgumu kama gome. Anahitaji MMP-9 ya kazi gani? Sisi tukimkata kinyama tunamwambia kwa lugha ya gharama kitu ambacho kifundo kimesema bure tangu niko sekondari.

Swali lenye faida ni la upande wa pili. Kule Edinburgh, Uskoti, waliwahi kupima watu 1,566 wa mtaani, miaka 18 mpaka 64, wakakuta mishipa mikubwa iliyojipinda kwa kama asilimia 40 ya wanaume na 32 ya wanawake. Wanaume! Nusu ya wanaosoma hapa wanadhani huu ni ugonjwa wa kina mama. Ni watu wengi mno, na wanaofika kwenye donda ni wachache sana. Sasa katika wale wenye mizizi ya mwembe leo, nani ataishia C6? Hapo ndo ningelipa hela ya bayomaka.

Na hapo ndo tishu inakuwa bubu.

Fikiria zinapotoka sampuli. Ukuta wa vena unaupata kwa mtu aliyefanyiwa operesheni ya kuing'oa, kwahiyo ni mtu ambaye tayari ameshaumwa na ana uwezo wa kufika kwenye operesheni. Alafu unahitaji vena nzima ya kulinganisha. Mara nyingi inatoka kwa wanaofanyiwa baipasi ya moyo, maana hao wanachukuliwa vena ya mguu kwenda kuunganishia moyoni. Yani mzee mwenye moyo mbovu ndo anaitwa mzima kwenye jedwali. Sishangai kuona karatasi moja inasema MMP-2 imepanda, nyingine imeshuka, nyingine hamna tofauti. Na mtu wa C2 asiye na donda utamkata ngozi ya kifundo kwa sababu gani? Umkate, ukute hajapona? Tunakata tunapoogopa saratani, maana madonda ya miaka mingi machache hugeuka, hilo lina jina la daktari Mfaransa Marjolin, na kwa hilo kinyama kina haki yake kamili na sitaki mtu anayesoma hapa akatae kukatwa. Ila kwa swali langu, sampuli inafika maabara wakati hadithi imeshaisha.

Daktari wa Ferrara

Kuna habari moja ilinitisha zaidi ya zote, maana nilijiona ndani yake.

Paolo Zamboni ni daktari wa mishipa wa Ferrara, Italia. Miaka ya 2000 alikuwa mmoja wa waliofuatilia chuma kwenye miguu hii kwa bidii, na yeye na wenzake walionyesha kwamba wenye badiliko fulani la jeni ya HFE, ile ya kuhifadhi chuma kupita kiasi, ndo walioonekana zaidi kupata donda wakiwa na vena mbovu. Kazi nzuri, na ukiangalia vizuri ndo lile swali langu la nani atafuata.

Mkewe alikuwa na ugonjwa wa multipo sklerosisi, ule unaoharibu ubongo na uti wa mgongo. Kwenye ubongo wa wagonjwa wale kuna chuma pia kuzunguka vena. Akaunganisha. Mwaka 2009 akatangaza kwamba chanzo ni vena za shingo kuziba, akawa anazipanua kwa puto, na wagonjwa kutoka nchi nyingi wakasafiri kwenda kufanyiwa. Majaribio ya baadaye, likiwemo aliloliongoza mwenyewe, hayakuona faida.

Simhukumu. Umeona chuma kwenye mguu, umeelewa, alafu unamuona mtu wako anaumwa na kuna chuma palepale. Utaacha kuunganisha? Mie nimeona slaidi moja ya mtu nisiyemjua na usiku huohuo nikampigia shangazi. Tofauti yangu na yeye ni kwamba mie nilikuwa naunganisha mguu na mguu.

Na hata hivyo ningeweza kukosea. Weusi wa kifundo cha shangazi sijaupiga Perls. Sikuwa na kinyama chake.

Wiki nne za bandeji

Kilichonitoa kwenye kuzunguka ni utafiti mmoja mdogo wa Marekani, wa 2008. Walichukua wagonjwa wachache wenye madonda ya vena ambao hawajatibiwa, wakakata kinyama kwenye donda, wakawafunga bandeji za kubana kwa nguvu wiki nne, wakakata tena palepale. Hawakuwapaka kitu cha ajabu. Bandeji.

Mikasi ilishuka. Sio yote, ila kadhaa kati ya zile MMP zilizokuwa juu zilishuka, na donda lililokuwa linapona vizuri ndo zilishuka zaidi.

Nikasoma mara mbili nihakikishe. Nilikuwa nimezoea kuifikiria bayomaka kama hukumu, kitu kilichoandikwa ndani ya nyama. Kumbe inasogea kama mshale wa spidi, ukiondoa mguu kwenye mafuta nao unarudi. Bandeji inayobana kama milimita 40 pale kifundoni inaipinga ile 80 kwa nje, na ndani kule wale watuhumiwa wote wanaanza kutawanyika maana aliyewaita ameondoka.

Alafu nikaona nimekuwa mjinga kiasi gani, nasoma kuhusu enzaimu usiku na shangazi hajawahi kufungwa bandeji ya kubana hata siku moja. Gozi juu, plasta, basi, nenda nyumbani uje kesho kutwa.

Kuna na habari ya kwenda kuziba ile vena mbovu yenyewe. Jaribio la Uingereza lililotoka 2018, wagonjwa 450, waliozibwa mapema nusu yao donda lilifunga ndani ya siku 56, waliosubirishwa nusu yao ndani ya siku 82, wote wakiwa wanafungwa bandeji. Nilimwambia shangazi bei ya kufanya hivyo akasema kwa hela hiyo si bora aoze tu. Alikuwa anatania. Nadhani.

Kutoka 17 mpaka 20

Nilichukua siku nne nikaenda. Nilienda na yule muuguzi wa vidonda wa mgongo wa kiganja, au tuseme yeye ndo alinipeleka, maana bila yeye ningefunga ovyo. Kabla hajagusa bandeji alitoa kile kidopla cha mkononi akatafuta mlio wa mapigo juu ya unyayo, akapima presha ya kifundo akaigawa kwa ya mkono. Ikatoka 1.05. Kama ateri nazo zingekuwa mbovu, tuseme namba imeshuka chini ya 0.5, kumbana mguu ni kuuua, na hata ikiwa juu ya hapo lakini haijafika 0.8 hufungi kwa nguvu zote. Na mwenye kisukari namba inaweza kudanganya ikatoka nzuri kumbe ateri imekauka chokaa. Kwahiyo usisome hapa ukaenda kununua bandeji ya krepu ukamfunga mama yako. Apimwe kwanza.

Shangazi alikaa kwenye kigoda kilekile. Donda lilikuwa limekaa pale ndani juu ya kifundo kama ramani ya kisiwa, kingo zimelala, katikati nyama nyekundu na utando wa njano, maji yanatoka. Nikabonyeza ule weusi pembeni. Haukuzama. Nilikuwa nakumbuka mguu unaozama na kurudi, huu ulikuwa kama kubonyeza meza.

"Unanibonyeza nini baba, si ulishamaliza kunibonyeza utotoni?"

Akafungwa, tabaka kwa tabaka, kuanzia vidole mpaka chini ya goti. Akalalamika joto, akalalamika kiatu hakiingii, akauliza kama atavaa hivi mpaka msibani. Nikamwambia kwa mahesabu ya madaktari sasa hivi umepanda, ulikuwa 17 na ukivaa hii kila siku unakuwa 20. Akasema, "Yani nimezidisha ugonjwa kwa kutii?" Muuguzi akacheka mpaka akaacha bandeji.

Usiku nikamuuliza kama weusi ule aliwahi kumuonyesha mtu. Akasema aliuonyesha, miaka mingi, akaambiwa ni uzee. Alikuwa na miaka 44.

Namba zangu hakuzitaka. Ana za kwake. Siku tunafika alichukua kifuniko cha kopo la mafuta ya mgando akakishika juu ya donda bila kuligusa, akasema linaingia lote hapa, na liliingia kweli. Nyumba yake yote sasa ni maabara, kapanga dirishani vifuniko kwa ukubwa, cha mafuta, cha dawa ya kikohozi, kizibo cha soda, kifungo cha koti la marehemu mjomba.

Jana alipiga simu, wiki ya tano hii. Kashuka mpaka kizibo cha soda, lakini anasema bado kwa upande wa juu panachungulia kidogo, na hataki kunidanganya kwahiyo niandike kuwa hajafika kizibo.